Doctor Who na Filamu Isiyofika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yale yale tunayoulizwa kila mwaka, mengine na watu waliokwisha kujibiwa mwaka uliopita. Tumeyapanga kuanzia kwa mgeni kabisa hadi kwa mbishi anayekuja na ushahidi wake mkononi. Jibu lililokwisha kutolewa halirudiwi. Utaelekezwa kwenye swali lenye namba yake. Mwenye haraka asome la 1, la 6 na la 16.

## Mambo ya msingi

1. Nipe jibu moja tu: Hollywood inaitengeneza upya Doctor Who kuwa filamu?

Hapana. Hakuna filamu iliyopigwa, hakuna mwigizaji aliyetangazwa, hakuna tarehe. Uvumi huu una umri mkubwa kuliko wengi wanaousambaza, na kila unaporudi huja na jina jipya la nyota juu ya bango lile lile linalosambazwa kwenye simu.

Tunaposema "hapana" hatusemi kwamba hakuna mtu aliyewahi kutamani. Waliotamani ni wengi, na baadhi yao walikuwa na haki za kisheria mkononi. Hao wamo kuanzia swali la 9.

2. Mimi siijui kabisa. Doctor Who ni nini?

Ni tamthilia ya BBC ya Uingereza iliyoanza kuonyeshwa tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy wa Marekani kuuawa. Mhusika mkuu si binadamu. Ni msafiri wa wakati kutoka sayari nyingine, na chombo chake, TARDIS, kwa nje ni kibanda cha buluu cha polisi wa London na kwa ndani ni kikubwa kupita maelezo. Anaitwa Daktari tu. Jina la tamthilia ni swali: Daktari nani?

Jambo moja ulishike, maana majibu mengi huko mbele yanalitegemea. Mwaka 1966 mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, alikuwa anaumwa na hakuweza kuendelea. Badala ya kuifunga tamthilia, watayarishaji waliamua kwamba Daktari anapokaribia kufa mwili wake hugeuka akawa mtu mwingine. Patrick Troughton akainuka kutoka sakafuni pale alipolala Hartnell. Hadi leo, kila Daktari anayeondoka humwachia mwingine nafasi kwa njia hiyo.

Tamthilia ilisimama mwaka 1989 na kurudi tarehe 26 Machi 2005, Christopher Eccleston akiwa Daktari na Russell T Davies akiwa mwandishi mkuu.

3. Kwani haijawahi kuwa filamu ya sinema hata mara moja?

Imewahi, mara mbili, na hapo ndipo wabishi wengi hujikwaa. Mwaka 1965 ilitoka *Dr. Who and the Daleks*, na mwaka 1966 ikafuata *Daleks' Invasion Earth 2150 A.D.* Zote mbili aliigiza Peter Cushing na kuongoza Gordon Flemyng, na zote zilikuwa hadithi za televisheni zilizopigwa upya: ya kwanza ilitokana na hadithi ya kwanza kabisa ya Dalek, ya pili na ile ya uvamizi wa dunia ya mwaka 1964.

Chambo chake kilikuwa rangi. Nyumbani Daktari alionekana kwa nyeusi na nyeupe, na televisheni haikumwonyesha kwa rangi hadi Januari 1970. Mtoto aliyekwenda sinema mwaka 1965 aliwaona Dalek, yale madubwana ya chuma yanayopiga kelele za kuangamiza, wakiwa wekundu, buluu na dhahabu. Kwa hilo tu nauli ilikuwa imelipa.

Lakini Daktari wa Cushing si yule wa televisheni. Ni mzee wa Kiingereza, binadamu kama mimi na wewe, mvumbuzi aliyejitengenezea TARDIS uani kwake, na jina lake la ukoo ni Who. Hakuna sayari ya mbali wala miili inayogeuka. Filamu ya pili haikuuza kama ya kwanza, na wazo la ya tatu likaishia hapo, ingawa London yake iliyobomolewa ya mwaka 2150 bado ilikuwa na matangazo ya Sugar Puffs, chakula cha asubuhi cha watoto, kwa kuwa wenye chakula hicho walikuwa wamechangia fedha.

Kwa hiyo mtu akikuambia "wanaitengeneza upya kwa sinema kwa mara ya kwanza", amekosea kwa karibu miaka 60.

4. Na ile ya mwaka 1996 yenye Paul McGann?

Ile ni filamu ya televisheni. Ilipigwa Vancouver, Kanada, kwa ushirikiano wa BBC, Universal na kituo cha Fox cha Marekani, mtayarishaji akiwa Philip Segal. Pia haikuwa kuanza upya: inafunguka na Sylvester McCoy, Daktari wa saba wa televisheni, kisha anageuka kuwa McGann.

Lengo lilikuwa kuona kama Wamarekani wataipenda kiasi cha kulipia mfululizo mzima. Uingereza ilitazamwa na watu takriban milioni 9. Marekani haikufika popote karibu na hapo, Fox wakajitoa, na McGann akawa Daktari wa jioni moja hadi mwaka 2013, aliporudi katika kipande kifupi cha dakika chache ambacho wengi wetu tulikitazama huku tumeshika vichwa.

## Uvumi mkubwa wa mwaka 2011

5. Nilisoma kwamba mwongozaji wa Harry Potter anaitengeneza. Hiyo ilitoka wapi?

Ilitoka kinywani mwake. Novemba 2011 gazeti la Variety la Marekani liliandika kwamba David Yates, aliyeongoza filamu nne za mwisho za Harry Potter, anaandaa filamu ya Doctor Who pamoja na Jane Tranter, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya BBC Worldwide, mkono wa biashara wa BBC, huko Los Angeles. Yates alisema wanatafuta waandishi, kwamba watachukua miaka miwili hadi mitatu ili kazi itoke vizuri, na kwamba tamthilia itahitaji kubadilishwa kwa kiasi kikubwa ili itoshe uwanja mkubwa zaidi. Gazeti likaongeza kwamba filamu itaanza upya kabisa, bila kufungwa na yaliyotangulia.

Ukiipima habari hiyo kwa macho ya siku ile, haikuwa na dalili ya uzushi. Gazeti lilikuwa la kuaminika, mtu ana jina, Tranter ndiye mmoja wa waliosimamia kurudi kwa tamthilia mwaka 2005. Walioamini hawakuwa wajinga. Mimi mwenyewe niliamini kwa takriban saa 24.

6. Kisha nini kikatokea?

Kilichofuata ndicho kinachosahaulika kila uvumi unaporudi. BBC ilifafanua kwamba hakuna hati ya filamu, hakuna waigizaji, hakuna kikosi cha upigaji. Kulikuwa na wazo linalozungumzwa. Steven Moffat, aliyekuwa mwandishi mkuu wakati huo, akaandika kwenye Twitter kwamba filamu yoyote ya Doctor Who itatengenezwa na timu ya BBC, itaigizwa na Daktari aliyepo kwenye televisheni, na haitakuwa Hollywood kuanza upya.

Baadaye akamwonea huruma Yates: alisema ni mwongozaji mahiri aliyebanwa kwenye zulia jekundu akajibu bila kujiandaa. Akatia na utani, akitangaza kwamba na yeye ana mpango wake wa kwenda mwezini. Hana fedha, hana mpango, hana msaada wa NASA, ila mwezi anajua ulipo kwa sababu ameuona.

Hakuna aliyeieleza hali hii vizuri kuliko hapo. Miaka miwili hadi mitatu ilipita. Yates akaenda kuongoza Tarzan na filamu tatu za Fantastic Beasts. Ya Daktari haikupigwa.

7. Kwa hiyo Yates alidanganya?

Sidhani. Katika biashara ya filamu, "tunaiandaa" huweza kumaanisha watu wawili wamekunywa kahawa wakakubaliana kwamba jambo ni zuri. Kosa liko kwa msomaji anayesikia "tunaiandaa" akaelewa "tumeshaanza kupiga". Ni kama posa na harusi: wazee wamekwenda kubisha hodi, na wewe huku umeshashona sare.

8. Johnny Depp je?

Jina lake lilivumishwa sana. Hakuigiza, hakutangazwa, na hakuna la kuongeza. Ukiletewa jina jingine lolote la nyota mkubwa, jibu ni hili hili.

## Filamu zilizofia njiani

9. Mnasema wengine walikuwa na haki za kisheria. Nani?

Kampuni ndogo ya London, Coast to Coast, ilipata haki za kutengeneza filamu ya sinema mwaka 1987. Kwa miaka saba iliyofuata ilibadilisha majina yake, ikabadilisha hati, na magazeti ya Uingereza yakawa yanataja Daktari mpya wa sinema kama wanavyotajwa wachezaji wakati wa usajili. Leonard Nimoy, Spock wa Star Trek, alitajwa kuwa mwongozaji. Haki ziliisha mwaka 1994 bila hata siku moja ya kupiga.

Pima jinsi mkasa huu ulivyo mzito. Hawa walikuwa na karatasi iliyosainiwa, waliajiri waandishi, walitafuta fedha kwa dhati, na bado haikuwa. Bango la kwenye simu lina nini cha kuzidi hapo?

10. Ni kweli mashabiki waliwahi kutuma pesa ili filamu itengenezwe?

Ni kweli, na kwangu hiki ndicho kisa kitamu kuliko vyote. Miaka ya 1970 Tom Baker, Daktari wa nne, yule wa skafu ndefu, aliandika hadithi ya filamu pamoja na mwigizaji mwenzake Ian Marter. Iliitwa *Doctor Who Meets Scratchman*, na Scratchman ni Shetani mwenyewe. Walimtaka Vincent Price, mfalme wa filamu za kutisha, amwigize.

Fedha hazikupatikana. Baker akataja hadharani kwamba wanatafuta, na watoto wa Uingereza wakaanza kutuma senti zao kwa posta. Pesa hizo hazikuweza kutumika kisheria, zikabidi zirudishwe. Filamu haikupigwa, lakini Baker hakuisahau: Januari 2019, akiwa na miaka 85, aliitoa hadithi hiyo kama kitabu.

11. Na Peter Jackson wa Lord of the Rings?

Huyu ni shabiki wa kweli. Alisema kwa miaka kadhaa kwamba angependa kuongoza kipindi kimoja, na malipo anayoyataka ni Dalek. Mwaka 2015 alitoa video ya kuchekesha akiwa na Peter Capaldi, Daktari wa wakati huo, na watu wakaamini mambo yameiva. Hayakuiva. Kumbuka pia alizungumzia kipindi cha televisheni. Neno "filamu" liliongezwa na wasambazaji njiani.

## Haki, fedha na siasa za ndani

12. Nani hasa anamiliki Doctor Who? Hollywood haiwezi kununua tu?

BBC ndiyo mwenye mali. Bila sahihi yake hakuna filamu.

Dalek ni kesi ya peke yake. Aliyewatunga, Terry Nation, alikuwa mwandishi wa kujitegemea, si mwajiriwa, na wakala wake alihakikisha anabaki na sehemu ya haki. Nation alifariki mwaka 1997 na haki zikabaki kwa warithi wake. Tamthilia ilipokuwa inaandaliwa kurudi, mwaka 2004, mazungumzo na warithi yalivunjika, ikatangazwa kwamba Dalek hawatakuwemo, baadaye wakaelewana. Kwa hiyo bango linaloonyesha jeshi la Dalek linadai, bila kujua, kwamba pande mbili zimeshakubaliana malipo.

13. Barua pepe za Sony zilizovuja si zilithibitisha kwamba filamu ipo?

Hii hoja ina nyama, tuitafune polepole. Mwishoni mwa 2014 wadukuzi waliiba mafaili ya kampuni ya Sony Pictures, na mwaka 2015 WikiLeaks ikayaweka hadharani. Ndani yake kuna barua pepe ya Januari 2014 inayosimulia mazungumzo na Danny Cohen, mkurugenzi wa televisheni wa BBC. Inasema mambo matatu: kwamba BBC Worldwide, mkono wa biashara, inaitaka filamu kwa nguvu, kwamba wanaoiendesha tamthilia hawaitaki kwa wakati huo, na kwamba unaandaliwa mpango wa miaka 8 ambao filamu itakuwa sehemu yake.

Wanaosambaza barua hiyo hunukuu jambo la tatu na kulimeza la pili. Na hata hilo la tatu, hesabu mwenyewe: 2014 ukiongeza 8 ni 2022. Mwaka ulipita na filamu haikuja.

Barua ina faida moja: inaonyesha uvumi huu unakozaliwa. Ndani ya nyumba moja kuna wanaohesabu tiketi na kuna wanaoandika hadithi. Kila wa upande wa kwanza anapofungua mdomo mbele ya mwandishi wa habari, sisi tunapata wiki mbili za kujibu maswali.

14. Mbona mashabiki mnapinga? Hamtaki Daktari wenu awe mkubwa?

Kuna wanaotaka. Tusijifanye tuna kauli moja. Mimi ninayeandika ningekwenda kuitazama siku ya kwanza.

Kinachokataliwa ni kuanza upya. Tamthilia nyingi za zamani hutengenezwa upya kwa sababu zimekufa: waigizaji wamezeeka, mandhari imechoka. Doctor Who ilipata dawa ya ugonjwa huo mwaka 1966 (swali la 2). Anayetaka Daktari mpya, mwonekano mpya na hadithi ambayo mgeni anaweza kuingia nayo, husubiri miaka mitatu minne na tamthilia yenyewe inampa. Filamu ya kuanza upya ingeweka sokoni Madaktari wawili wasiojuana, wa televisheni na wa sinema, halafu kumwachia mtoto aliyekaa mbele ya skrini kazi ya kujua yupi ni yupi.

15. Lakini mimi niliitazama Doctor Who kwenye jumba la sinema!

Huenda ulifanya hivyo kweli. Tarehe 23 Novemba 2013, kwa miaka 50 ya tamthilia, kipindi maalumu *The Day of the Doctor* kilirushwa kwa wakati mmoja katika nchi 94, jambo lililoingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness, na kilionyeshwa pia sinema kwa picha za 3D. Mwaka uliofuata kipindi cha kwanza cha Capaldi nacho kilipelekwa sinema. Ni vipindi vya televisheni vilivyokodishiwa skrini kubwa. Ukikumbuka ahadi ya Moffat katika swali la 6, utaona hiki kilikuwa karibu sana nayo: timu ya BBC, Daktari wa televisheni, popikoni mkononi.

## Kuupima uvumi mpya

16. Nimeona trela kwa macho yangu. Nayo ni uongo?

Trela nayo hughushiwa, kama bango. Zamani mtu alikuwa anachukua vipande vya filamu nyingine za nyota fulani, anavishona, anaweka muziki wa Daktari juu. Siku hizi akili mnemba inamtengenezea hata sura. Chaneli za trela za kubuni zimekuwa biashara kubwa kiasi kwamba Machi 2025 YouTube ilizikatia mapato ya matangazo mbili zilizokuwa maarufu sana kwa kazi hiyo.

Tazama maelezo chini ya video hadi mwisho. Mara nyingi mwenyewe ameandika kwa herufi ndogo kwamba ni ya kubuni. Kisha tazama midomo: kama nyota hasemi hata sentensi moja yenye neno Daktari, TARDIS au Dalek huku uso wake unaonekana, umeshapata jibu.

17. Muuza muvi mtaani kaniuzia yenye jina "Doctor Who Full Movie".

Pole, tuko wengi. Yangu niliinunua Kariakoo, gamba lina picha ya Matt Smith, Daktari mwingine wa televisheni, ndani ni Paul McGann wa mwaka 1996. Ukikuta yenye rangi kali na mzee mwenye masharubu, hiyo ni ya Cushing. Zote mbili ni halali kuwepo, na zimeelezwa katika maswali ya 3 na 4.

18. Nikisikia tetesi leo, nianze kuangalia nini?

Anza na kitenzi. "Angependa", "anazungumziwa", "inasemekana" havina uzito. "Amesaini" na "wameanza kupiga" vina uzito, mradi aliyesema ni BBC au mwenye kusaini. Kisha tafuta tarehe: habari ya Yates ya 2011 husambazwa hadi leo ikiwa imekatwa mwaka wake, na mtu anaipokea kama ya jana. Mwisho jiulize kama habari inasema Daktari wa filamu atakuwa nani kuhusiana na yule wa televisheni. Habari ya kweli italazimika kulijibu hilo mapema, kwa sababu ndilo swali la kwanza ambalo kila mwandishi wa habari wa Uingereza atauliza.

19. Disney si ndio wenye Doctor Who sasa? Watashindwaje kutengeneza filamu?

Disney hawakuwahi kuimiliki. Makubaliano yaliyotangazwa Oktoba 2022 yaliwapa haki ya kuonyesha vipindi vipya kwenye Disney+ nje ya Uingereza na Ireland, nao wakachangia gharama. Oktoba 2025 BBC ilitangaza kwamba ushirikiano huo umeisha, na kwamba Davies anaandika kipindi maalumu cha Krismasi ya 2026. Kipindi, tena. Usikigeuze kuwa filamu ukifika kwenye kundi lenu la WhatsApp.

## Maswali ya pembeni

20. Ncuti Gatwa ni wa huku kwetu. Je, filamu ilikuwa yake?

Gatwa alizaliwa Kigali mwaka 1992, na familia yake ilikimbilia Scotland wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Alipopewa ufunguo wa TARDIS, yaani alipochaguliwa kuwa Daktari, watu wa Maziwa Makuu tulikuwa na sababu yetu ya kupiga vigelegele. Alimaliza tarehe 31 Mei 2025, Daktari wake akageuka na uso uliojitokeza ukawa wa mwigizaji Billie Piper. Kuondoka kwake ndiko kulikoibua mabango mengi ya karibuni yanayodai "anahamia sinema". Amehamia kwenye kazi zake nyingine, basi.

21. Kuna uvumi wowote wa Doctor Who ambao mliukataa, kisha ukawa kweli?

Upo, na ndio unaotufanya tusicheke haraka sana.

Miaka ya 1960 na 1970 BBC ilifuta au kutupa kanda nyingi za zamani, maana kanda zilikuwa ghali na hakuna aliyedhani mtu atataka kutazama tena. Vipindi vingi vya Hartnell na Troughton vilipotea. Kilichookoa baadhi yake ni biashara: BBC ilikuwa inauza nakala za filamu nje ya nchi, zikiwemo nchi za Afrika, na nakala moja ilikuwa inatoka kituo kimoja inapelekwa kingine.

Mwaka 2013 ukazuka uvumi kwamba vipindi takriban 90 vimepatikana Ethiopia. Ulikuwa na kila alama ya uzushi: hakuna jina, hakuna picha, namba inapanda kila wiki. Wengi tuliukataa. Oktoba mwaka huo huo BBC ikatangaza kwamba mtafutaji wa filamu Philip Morris amepata mikebe katika kituo cha televisheni cha Jos, Nigeria, na ndani yake mna vipindi 9 vilivyokuwa vimepotea, vya hadithi za *The Enemy of the World* na *The Web of Fear*. Idadi ya vilivyopotea ikashuka kutoka 106 hadi 97.

Nchi ilikuwa nyingine, na idadi moja ya kumi. Lakini ndani ya maganda yale mlikuwa na punje. Tofauti na uvumi wa filamu ni kwamba huu uliweza kuthibitishwa na mkebe.

22. Basi huenda na huku Afrika Mashariki kuna mikebe?

Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa wanunuzi, kwa hiyo kuna watu wazima Nairobi na Kampala waliomwona Daktari wa nyeusi na nyeupe kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi miaka ya 1990, kwa hiyo huko usisumbue stoo ya mtu. Nakala zilizokwisha kuonyeshwa zilitakiwa kurudishwa, kupelekwa kwingine au kuharibiwa. Ya Jos haikufuata utaratibu. Ukiwa na babu aliyewahi kufanya kazi ya kupakia filamu kituoni, muulize kwa adabu.

23. Mwisho: Daktari wa Peter Cushing anahesabiwa kuwa Daktari wa kweli?

Hahesabiwi. Ila Moffat alimtafutia nafasi: katika kitabu chake cha mwaka 2018 cha *The Day of the Doctor*, zile filamu mbili zipo ndani ya ulimwengu wa tamthilia kama filamu, na Daktari mwenyewe anazipenda.

Alikuwa ametaka kufanya hivyo kwenye kipindi chenyewe mwaka 2013, kwa kutundika mabango yake kwenye ukuta wa ghala la siri. Haki za filamu zile haziko mikononi mwa BBC, na bei ya kuonyesha mabango hayo mawili iliwashinda.